Mrejesho: Adapta ya PSP-1000 imepatikana, ila betri bado

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza chaja ipi ni salama kwa PSP-1000, mashine ya gemu ya mkononi ya Sony, ambayo adapta yake ya asili imekufa.

Nimefuata ushauri wa kutazama volti kwanza: lazima ziwe 5, si zaidi. Ampea 2 au kuzidi hapo hazina shida, kwa sababu mashine huvuta inachohitaji tu. Plagi ni ya milimita 4.0 kwa nje na 1.7 kwa ndani, chanya katikati. Hapa pana hatari kubwa: plagi hiyohiyo ipo kwenye adapta za volti 12, inaingia vizuri kabisa na inaweza kuunguza saketi. Someni lebo, kisha pimeni kwa maltimita (kifaa cha kupimia umeme) kabla ya kuchomeka, ncha nyekundu ndani ya tundu la plagi na nyeusi nje. Ikionyesha alama ya kutoa, chanya na hasi zimegeuzwa.

Ushauri wa kutumia waya wa USB wenye plagi hiyo umefaulu nusu. Ule mwembamba ulishusha volti hadi 4.6 gemu likiwa linachezwa, na taa ya chungwa ya kuchaji ikawa inawaka na kuzima. Waya mfupi na mnene, kwenye chaja ileile ya ampea 2, umetulia.

Betri ndiyo haijapona. Taa inazima kuonyesha imejaa, lakini ukichomoa inaisha upesi. Imeanza pia kuvimba, kwa hiyo nimeitoa na siichaji tena. Natafuta nyingine ya volti 3.6.