Kipimo cha krispa kwa saratani ya Burkitt: kaunti za Ziwa zikigharamie sasa?

Mleta mada, Kisumu: Limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za kinga, haingoji. Uvimbe kwenye taya la mtoto unaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili, huku kipande cha nyama kilichokatwa kikisubiri wa kukisoma. Kipimo cha krispa hutumia damu: seli zenye virusi vya Epstein-Barr, vinavyoambatana na saratani hii, humwaga damuni vifuko vya nanomita 30 hadi 150 vilivyobeba RNA (molekuli za kijenetiki) za virusi. Cas13a, kimeng'enya cha krispa (CRISPR, mbinu ya kutambua na kukata vinasaba), kikizitambua hukata RNA yoyote iliyo jirani, pamoja na ile tuliyoifunga rangi, nayo hung'aa. Naunga mkono.

Maabara, Kisumu: Ndugu, kung'aa si saratani. Kwetu kwenye malaria, watoto wengi hupata virusi hivyo kabla ya miaka 3, na malaria huviamsha tena. Mpime mtoto mwenye homa tu, utaambiwa ana virusi, jambo ulilolijua kabla ya kumdunga sindano. Swali ni kiasi gani. Kiwango cha kushuku saratani kipangwe kwa damu ya watoto wa hapa wasio na saratani, wenye malaria na wasio nayo. Kabla ya hapo napinga.

Maabara, Nakuru: Naongeza la damu yenyewe, maana hapo ndipo kipimo hufia. Tumia mrija wenye EDTA kuzuia damu isigande, usitumie wenye heparini. Damu usiiweke kwenye barafu: chembe sahani (za kugandisha damu) zikishtuka humwaga vifuko vyake na kuficha unavyovitafuta. Ndani ya saa moja au mbili zungusha kwenye sentrifuji kwa 2,500 g (g ni nguvu ya mzunguko ikilinganishwa na mvutano wa dunia), dakika 15, nyonya plazima, yaani maji ya juu ya damu, ukiacha nusu sentimita juu ya utando mweupe wa chembe, kisha rudia. Wengi husoma mizunguko kwa dakika wakidhani ndiyo g. Kila sentrifuji ina hesabu yake ya kugeuza mizunguko kuwa g. Mashine ya 100,000 g ya kutuamisha vifuko hospitalini hamna, kwa hiyo vivue vifuko kwa shanga za sumaku zenye kingamwili zinazonasa CD63, protini iliyo juu ya vifuko. Pasua vifuko, changanya na Cas13a, nyuzijoto 37, nusu saa.

Na glavu! Jasho la kidole lina vimeng'enya vinavyokata RNA. Rangi itawaka bila kirusi hata kimoja. Kila mara weka kichupa chenye maji matupu badala ya damu. Kikiwaka, mwaga zote.

Tabibu, Kakamega: Mimi naona kazi ya kipimo hiki iko kwingine. Kutambua ugonjwa, choma uvimbe kwa sindano nyembamba, paka kwenye kioo, soma siku hiyo hiyo. Fedha ziende kwanza kwa wasomaji wa vioo. Krispa ifuatilie matibabu: mtoto analinganishwa na damu yake mwenyewe ya kabla ya dawa, si ya jirani.

Mleta mada, Kisumu: La kufuatilia nalikubali, daktari. Lakini mtoto ambaye uvimbe uko tumboni, sindano haiufikii, naye yuko zahanati isiyo na mashine ya picha ya mawimbi ya sauti?

Maabara, Kisumu: Huyo mpe rufaa leo. Damu yake ichukuliwe pia, itusaidie kupanga kiwango.