Nilitoa wazo la kaizen, vijana watatu wakapoteza kazi

Wadau, nimelinyamazia jambo hili wiki tatu na limenishinda.

Nafanya kazi ya kupakia katika kiwanda cha biskuti hapa Industrial Area, Nairobi. Mwaka jana tuliletewa mkufunzi wa kaizen, ule mtindo wa Kijapani wa kuboresha kazi kidogo kidogo kwa mawazo ya wafanyakazi wenyewe, tukaketi naye siku mbili. Nasema ukweli, nilimpenda. Alitufundisha neno muda, ambalo Kijapani maana yake ni upotevu: kungoja, kubeba vitu huku na huku, kurundika mali, kurudia kilichoharibika. Akatuambia anayeujua upotevu huo ni yule anayesimama penye mashine, si aliye ofisini. Miaka sita niko pale na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Basi nikasema nilichokuwa nakiona. Katoni zilikuwa zinakaa stoo ya nyuma, ng'ambo ya ua. Vijana watatu walizibeba begani kutwa kucha, mvua ikinyesha zinalowa, nasi tunasimamisha mashine tukizingoja. Nikapendekeza ziwekewe rafu kando ya mashine, ijazwe mara moja kabla ya zamu kuanza. Wiki haikuisha rafu ikawa imesimama. Hatungoji tena, na katoni hazilowi. Nikapigwa picha, ikabandikwa ubaoni, nikapewa cheti na tisheti.

Ijumaa iliyofuata wale vijana waliambiwa Jumatatu wasije.

Mmoja wao ni jirani yangu mtaani Mukuru, tunachota maji bomba moja. Mkewe akiniona sasa anainua mtungi anaondoka, hata kama haujajaa. Nitamwambia nini? Picha yangu bado iko ubaoni, wageni wakija wanaletwa kuitazama.

Na mtu asije hapa kunieleza kwamba kaizen ndivyo ilivyo. Sivyo. Mkufunzi yule yule alitusimulia kwamba mwaka 1950 Toyota ilikuwa karibu kufilisika, ikataka kupunguza watu, wafanyakazi wakagoma, na rais wa kampuni, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu. Mwaka 1962 uongozi na chama cha wafanyakazi wakatia sahihi tamko la pamoja lililojengwa juu ya kuaminiana. Kule, kazi ikirahisishwa, aliyebaki bila shughuli hutafutiwa nyingine. Ndiyo maana wale watu huthubutu kusema. Mabosi wetu wamechukua ubao, tisheti na saa ya kupimia mwendo wa mikono yetu, ile ahadi wameiacha huko huko Japani.

Mfano mwingine. Tulielezwa habari za Sakichi Toyoda, babake huyo Kiichiro, aliyetengeneza mtambo wa kufuma unaosimama wenyewe uzi ukikatika, ili kasoro isiendelee mbele. Kwa mfano huo tukawekewa kitufe chekundu: ukiona kasoro, simamisha. Dada mmoja wa zamu yetu aliona pakiti hazifungi vizuri, akakibonyeza. Zikapotea dakika kumi na mbili. Kesho yake akapewa barua ya kujieleza kwa nini hesabu ya siku haikufika! Tangu hapo pakiti mbovu zinapita mbele ya macho yetu na hakuna mkono unaoenda kwenye kitufe. Zikirudishwa na wenye maduka, tunaitwa wazembe.

Kuhusu wale vijana, ofisi inasema ni vibarua, hawana haki ya notisi. Walikuwa wanakuja kila siku kwa zaidi ya miaka miwili! Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo hadi ikafika mwezi mmoja, huyo si kibarua tena. Na anayeachishwa kwa sababu kazi yake imeondolewa analindwa na kifungu cha 40: notisi ya mwezi, na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Wao walipewa hela za siku tano na kufunguliwa geti.

Leo asubuhi supavaiza ametuuliza nani ana wazo jipya. Watu kumi na wanane, kimya. Mimi ninalo. Najua kwa nini gundi ya katoni inaziba kila baada ya chakula cha mchana, na dawa yake haigharimu hata shilingi mia tano. Nimelifungia kifuani, na halitatoka mpaka nijue halitamtoa mtu mwingine kazini.

Jumamosi chama kinakutana kuandaa madai ya makubaliano mapya na mwajiri. Nataka tuingize kipengele kwamba hakuna atakayeachishwa kazi kwa sababu ya wazo la uboreshaji, awe wa kudumu au kibarua. Kama kuna kiwanda kilichofaulu kuliandika hilo, tafadhali niwekeeni hapa maneno yenyewe mliyotumia. Na kama kuna anayejua ofisi ya leba inahitaji ushahidi gani wa siku ambazo kibarua amefanya kazi, aniambie, maana kadi zao za geti zilichukuliwa siku ile ile.