DT ya zamani: niifufue, niivalishe injini ya CG, au niuze nichukue Boxer ya mtu?

kijana_wa_mbagala
Wakuu habari za jumapili. Nina Yamaha DT, ile pikipiki ya tustroki inayochomea oili pamoja na petroli, nimepewa na baba mdogo, alikuwa bwana shamba huko Kilosa akaichukua mnadani miaka hiyo, imekaa stoo muda mrefu haijawashwa. Imekuja Dar juu ya fuso la mahindi, sasa hivi ipo koridoni na mwenye nyumba ameshaanza kununa anasema mwisho wa mwezi asiikute. Naona njia tatu, kuifufua na injini yake, au kuna fundi hapa Rangi Tatu anasema ananivalishia injini ya CG ya Kichina (fostroki, nakala ya Honda CG), atakata kidogo fremu achomelee inakaa, au niiuze kama ilivyo niongezee nichukue Boxer ya mtu. Ipi inalipa? Bajeti ndogo msinicheke.

mzee_wa_kiki
Ndogo ndio shilingi ngapi? Kuna ndogo ya laki mbili na kuna ndogo ya milioni na nusu. DT gani, 100, 125 au 175? Shokapu ya nyuma ipo moja chini ya siti au mbili pembeni? Kiki inashuka au imeganda? Kadi unayo? Njoo na maelezo bwana, humu hatupigi ramli.

hadija_spea
Na unaitaka ya nini. Kama ni bodaboda usijisumbue, abiria wa Dar aliyevaa nguo za harusi hapandi kitu kinachotema moshi wa bluu. Kama ni ya shamba hapo tunaweza kuongea.

kijana_wa_mbagala
Ya shamba dada, tuna ekari kadhaa ndani ndani huko mbele ya Vikindu, njia mchanga mtupu na masika inageuka tope. Shokapu ni moja. Kwenye kava la pembeni imeandikwa 175. Kiki imeganda haishuki kabisa nimeisimamia kwa miguu miwili imegoma. Hela nina laki sita, nikijibana saba.

mzee_wa_kiki
Na kadi?

fundi_nusu
Laki sita na injini imeganda hakuna mjadala hapo, CG moja kwa moja. Injini ya CG 125 ya mtumba unaipata Gerezani, ni ile ya pushirodi, hata fundi wa chini ya mwembe anaifungua. Pistoni, ringi, vali, klachi vipo kila kona mpaka huko huko Vikindu. Huchanganyi oili kwenye mafuta, haili petroli hovyo. Hiyo DT utaagiza pistoni nje, usubiri, ikifika saizi siyo, unaagiza tena, mwenye nyumba ameshakutupia virago na pikipiki yako.

mzee_wa_kiki
Fundi nusu jina lako linajieleza. CG inatoa hosi pawa kama 11, DT 175 inatoa kama 16 na injini yenyewe nyepesi. Halafu hiyo kukata fremu mnaiongea kama kukata muhogo. Nimeiona moja Buguruni, jamaa kasogeza injini pembeni ili ienee, sproketi ya mbele na ya nyuma hazipo mstari mmoja, cheni inasugua ubavu wa tairi na inaliwa kila baada ya muda mfupi. Ile fremu imetengenezwa ibebe injini kwa vishikizo vyake, ukikata kishikizo kimoja umeharibu vingine vyote na siku ukitaka kurudisha injini yake hairudi.

Kijana nisikilize. Kwanza ACHA kuisimamia hiyo kiki, utavunja meno ya gia ya kiki na hiyo spea ndiyo ya kuitafuta kwa tochi. Toa plagi, mimina dizeli kidogo iliyochanganywa na ATF (oili ya gia boksi ya gari la otomatiki) kwenye tundu la plagi, iache ilale. Kesho yake weka gia ya tatu, shika tairi la nyuma, sukuma mbele na nyuma taratibu. Mara nyingi ni ringi zimeshikwa na kutu kwenye silinda, zinaachia.

Ikilegea fungua hedi na silinda, futa masizi juu ya pistoni uangalie imepigwa namba gani. Silinda ya 175 ikiwa haijaguswa ni milimita 66. Ukikuta 25, 50 au 75 (hizo ni sehemu za mia za milimita) ujue ilishachongwa, ukikuta 100 maana yake imeshafika 67, hapo unaelekea kwenye kuvisha sleevu mpya. Usiagize pistoni kabla hujaiona hiyo namba na fundi wa lathe hajapima silinda, halafu usimruhusu achonge kabla pistoni mpya haijafika, kwa sababu silinda inachongwa kufuata pistoni iliyopo mezani. Na mwambie akimaliza apitishe jiwe kwenye kingo za matundu ya silinda, tustroki ina matundu pale ubavuni, kingo zikibaki kali ringi inanasa inakatika.

Mwisho shika konrodi ivute juu chini. Ikicheza kushoto kulia kidogo ni kawaida yake. Ikicheza juu chini hata kwa unywele, bering ya krenki imekwisha na laki sita yako nayo imekwisha.

fundi_nusu
Kwahiyo umekubali kwamba laki sita haitoshi 😂

mzee_wa_kiki
Soma vizuri. Nimesema IKICHEZA.

pugu_road
Mimi niseme la kwangu maana naona watu wanaongea pistoni pistoni wakati ugonjwa wa hizi pikipiki mara nyingi upo pengine kabisa. Nilikuwa na Suzuki TS 185, nimeipata kwa bei ya kutupa. Nikampelekea fundi mmoja anasifika sana mtaani kwetu, kwenye Boxer na TVS humwambii kitu. Silinda ikachongwa vizuri kabisa hapo simlaumu, pistoni mpya, ringi mpya, gasketi mpya, ikawaka, tukapiga picha. Nikawa naizungusha polepole mitaani kuilainisha. Baada ya muda nikaona silensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujavuta mafuta, inapanda yenyewe. Unaachia mafuta yeye anabaki juu kule analia, halafu anashuka kwa kusitasita. Nikarudi kwa fundi akasema ni kabureta, akakaza skrubu ya silensa ikashuka, akaniambia nenda. Nikaenda.

Jumamosi nikaichukua kwenda Kisarawe, nimeshapita Pugu naanza ule mlima, gia ya nne, nikasikia sauti imekuwa nyembamba hivi kama inavuta kweli kweli, nguvu nyingi kuliko siku zote. Nikafurahi. Palepale tairi la nyuma likafunga, kriiii, pikipiki ikalala na mimi nikalala nayo, nyuma yangu kuna lori la mchanga, sijui yule dereva alikwepaje mpaka leo. Suruali goti lote limebaki barabarani. Pistoni imelamba silinda upande wa ekzosi, imeyeyuka ikajibandika.

Fundi akasema oili kwenye mafuta ilikuwa ndogo. Nikanunua pistoni nyingine saizi inayofuata, silinda ikachongwa tena, oili nikaongeza mpaka inatoa moshi majirani wananung'unika. Ikanoki tena! Safari hii taratibu tu karibu na nyumbani.

Aliyekuja kuipata ni mzee mmoja anatengeneza injini za boti Feri. Hakugusa kabureta wala hedi. Alifungua kava la magneti, akatoa ile flaiwili yake inayozunguka, akapitisha kidole nyuma yake akanionyesha, kidole kimelowa mafuta machafu. Sili ya krenki upande wa magneti ilishakauka ikapasuka, injini inavuta hewa pale, mchanganyiko unakuwa mwepesi, joto linapanda, pistoni inatanuka inashika. Ile silensa kupanda yenyewe ilikuwa ndiyo inanililia. Sili yenyewe kipande cha mpira bei ya soda kadhaa, imenila pistoni mbili na goti.

Kwahiyo kijana pikipiki iliyokaa stoo miaka yote hiyo sili ZIMEKAUKA, hamna haja ya kuuliza. Badilisha zote mbili kabla hujaiwasha. Ya upande wa klachi ikifa yenyewe inavuta oili ya gia boksi, unaona moshi mweupe mzito na oili inapungua huoni inakovujia.

hadija_spea
Pole kaka. Sili unaweza kuzipata hata bila kuagiza Yamaha, zina namba tatu zimeandikwa ubavuni, kipenyo cha ndani, cha nje na unene, unaenda na ile ya zamani kwenye maduka ya bering na sili unalinganisha. Ila chukua ya mpira unaohimili joto na petroli, usichukue ile laini ya bei chee.

mzee_wa_kiki
Na baada ya kufunga ijaribu kwa upepo. Ziba tundu la ekzosi na la kabureta kwa mpira wa tyubu na bati, chomeka valvu ya baiskeli, pampu mpaka psi 6, subiri dakika kama sita. Ikishuka paka povu la sabuni utaona panapotoa. Haina gharama.

baharia_feri
Mnamsahaulisha kijana suala la oili. Aje Feri achukue ile ya injini za boti, ndiyo tustroki halisi hiyo.

lita_moja
Baharia hapana. Ile ya boti ni TC-W3, imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji, haipandi joto sana. DT inapozwa na upepo, atafute iliyoandikwa JASO FC au FD. Zipo madukani, hata wanaouza misumeno ya kukatia miti wanazo.

baharia_feri
Nimeendesha Vespa kwa oili ya boti tangu wengine humu hamjaanza shule na haijanoki.

lita_moja
Vespa ya kwenda sokoni siyo DT kwenye mchanga wa Vikindu gia ya pili mafuta yote wazi.

mzee_wa_kiki
Zamani walikuwa wanatia oili namba 40 ya gari humo na pikipiki zinatembea, ila ekzosi ilikuwa inaziba masizi mpaka inachomwa moto kila baada ya muda. Kijana yako hiyo ekzosi nayo itakuwa imeziba, ikipumua kwa shida haitavuta hata ukifanyaje. Kwa sasa hivi usitegemee pampu ya oili ya Autolube (ile inayochanganya oili yenyewe) kabla hujaihakikisha, imekaa kavu miaka. Changanya mwenyewe 1 kwa 25, yaani mililita 40 kila lita ya petroli, pima kwa sirinji ya duka la dawa, siyo kwa vizibo vya chupa ya maji kama wanavyofanya.

xl_damu
Nimesoma yote hayo kichwa kinauma. Sili, pampu, sirinji, povu la sabuni. Honda XL 125 ni fostroki, unatia mafuta unaondoka. Manesi na mabwana shamba wamezunguka nchi hii na XL.

mzee_wa_kiki
Jamaa hajauliza XL.

xl_damu
Ndio namsaidia aulize.

kijana_wa_mbagala
Wakuu mrejesho. Nilifanya ya dizeli na ATF, nimelaza siku mbili, IMELEGEA aisee, kiki inashuka. Nimefungua silinda kwa msaada wa binamu. Juu ya pistoni imeandikwa 50. Konrodi haichezi juu chini, kushoto kulia kidogo. Silinda ina mstari mmoja wa kutu upande wa nyuma, ukipitisha kucha inakwama kidogo. Tanki ndani kuna kutu inatoka kama unga wa dengu.

mzee_wa_kiki
Safi sana! Kwahiyo inakwenda 75, bado una nafasi moja mbele. Krenki nzima, hiyo ndiyo ilikuwa hofu yangu. Pistoni na ringi agiza, sili, gasketi, kuchonga, plagi, platini kama moto wake siyo wa CDI (ile ya elektroniki isiyo na platini), laki sita inaweza ikakutosha ukiacha tairi na rangi kwa baadaye. Kutu ya tanki weka siki na kokoto ndogo safi utikise, usisahau kuziba koki.

fundi_nusu
Tairi baadaye, cheni baadaye, breki nazo baadaye? Mpigie hesabu yote mzee. Dizeli ya kulegeza injini ni bure, breki siyo bure.

hadija_spea
Hapo fundi nusu kaongea. Na bado kadi hajajibu, swali limeulizwa tangu juu.

kijana_wa_mbagala
Kadi ya asili haipo. Kuna karatasi ya mnada ina jina la baba mdogo, na kibao cha namba ni cha DFP.

hadija_spea
Eeeh. Sasa hilo ndilo ungeanza nalo. DFP ni ya mradi wa wafadhili, iliingia nchini kwa msamaha wa kodi. Ikihamia kwa mtu binafsi ushuru unaweza kudaiwa na usajili lazima ubadilike. Kabla hujatoa hata mia ya pistoni nenda TRA na hiyo karatasi ya mnada uulize kama mnadani kodi ililipwa. Inawezekana ilishalipwa na baba mdogo hakumalizia tu kubadilisha.

pugu_road
Na hapo ile ya CG inazidi kuwa ngumu, injini namba nyingine, fremu namba nyingine, kadi hakuna. Trafiki wa pale Kongowe atakaa na wewe mpaka jioni.

fundi_nusu
Kwani huko shambani kuna trafiki?

pugu_road
Kwani shambani anafika kwa ungo? Barabara ya Kilwa anaipitia.

xl_damu
Ndio maana nikasema XL yenye kadi.

lita_moja
Boxer ya mtu nayo uangalie kadi, nyingi zina mkopo bado, unanunua wiki inayofuata wenye mkopo wanakuja kuichukua na huna pa kulia.

kijana_wa_mbagala
Nimempigia baba mdogo anasema stakabadhi zipo kwenye sanduku la bati Kilosa, atamtuma mtu atafute. Pikipiki naihamishia kwa binamu Chanika kwanza mwenye nyumba apumue. Pistoni ya 75 nimeona mtandaoni ila kuna ya pini milimita 16 na nyingine wameandika 15, ipi?

mzee_wa_kiki
Pima pini ya zamani kwa vernia usinunue kwa kubahatisha. Na plagi yake kichwani ilikuwa rangi gani ulipoitoa?

baharia_feri
Wewe wa Mbagala, spidomita ya hiyo DT ni nzima? Kama kioo hakijapasuka usiitupe, ninayo inayohitaji, tuongee inbox.