Tokeni ya shilingi 1,000: mbona uniti zimepungua mwezi huu?

Mnunuzi_Tokeni: Wadau, bei ya stima hapa Kenya haijatangazwa upya, lakini shilingi 1,000 inaleta uniti chache kuliko mwezi jana. Nani anapanga haya? Na kama stima ya mvuke wa ardhini wa Olkaria ni rahisi, mbona mtu hawezi kununua moja kwa moja kwa KenGen, kampuni inayoizalisha?

KaraniWaBili: Bei ya msingi kweli haijaguswa. Soma mistari iliyo chini yake kwenye ujumbe wa tokeni. FCC ni gharama ya mafuta yaliyochomwa kuzalisha stima: mabwawa ya Tana yakishuka, mitambo ya dizeli hufanya kazi zaidi na FCC hupanda. FERFA hufuata shilingi dhidi ya dola, maana mikataba mingi na mikopo ni ya fedha za kigeni. EPRA, mdhibiti wa nishati, huzipiga hesabu hizo mbili kila mwezi na kuzichapisha kwenye Gazeti la Serikali. VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya FCC pia, kwa hiyo mafuta yakipanda, kodi nayo inapanda.

Kabla ya kulaumu mafuta, lakini, angalia daraja lako la bei. Ni matatu: hadi uniti 30 kwa mwezi, hadi 100, na zaidi ya 100, kwa wastani wa miezi mitatu. Ukivuka mpaka, uniti zako zote huhesabiwa kwa bei ya juu, si zile zilizozidi tu. Hapa ndipo wengi huumia: mtu ananunua tokeni za akiba kwa wingi, kumbe anajipandisha daraja mwenyewe.

Kilovolti66: Kuhusu KenGen: hakuna soko la jumla ambapo wauzaji hushindana kila saa. KenGen, kampuni binafsi na Ethiopia wote humuuzia mnunuzi mmoja, Kenya Power, kwa mikataba mirefu. Ule wa Ethiopia ni wa miaka 25. KETRACO, iliyoundwa 2008, hujenga laini kubwa za kusafirisha. Sheria ya Nishati ya 2019 iliruhusu wasambazaji wengine, ila nyaya zinazofika mlangoni kwako bado ni za Kenya Power.

Kwenye mikataba hiyo, mtambo wa mafuta hulipwa mara mbili: ada ya kuwa tayari, hata usipowashwa, kisha malipo ya kila uniti. Upepo wa Turkana, megawati 310, hulipwa hata kwa stima ambayo ungetoa lakini gridi (mtandao wa stima wa taifa) ikashindwa kuipokea.

Mnunuzi_Tokeni: Kwa hiyo usiku kuna ziada, na jioni tunachomewa dizeli? Basi mbona sisi hatupati bei nafuu ya usiku?

Kilovolti66: Ndiyo hivyo. Saa sita usiku matumizi yameshuka na upepo unavuma sana, hadi Olkaria huachia mvuke hewani bila kuzungusha chochote. Saa mbili jioni kila jiko na taa vimewashwa, na dizeli inaitwa. Magharibi kuna shida ya pili: laini ni ndefu na chache, volti hushuka njiani, ndiyo maana mtambo wa Muhoroni ulibakizwa ingawa mafuta yake ni ghali mno.

Laini ndefu yenye mzigo mdogo hufanya kinyume: volti hupanda. Agosti 25, 2023 nchi karibu yote iliingia gizani. Kenya Power ilisema chanzo ni kupotea kwa stima ya Turkana. Wenye upepo wakajibu kwamba volti ya gridi ilipanda kupita kiasi, mitambo yao ikajizima ili isiungue. Megawati nyingi zikitoka ghafla, masafa, yaani mapigo ya stima kwa sekunde, huporomoka chini ya hezi 50. Relei (swichi za ulinzi zinazojiendesha) zinapaswa kukata papo hapo baadhi ya fida, yaani laini zinazopeleka stima mitaani. Zikichelewa, mitambo iliyobaki nayo hujitoa, mmoja baada ya mwingine.

KaraniWaBili: Nusu bei ya usiku ipo, ila kwa viwanda na wanaochaji magari ya umeme, na hao wa magari huhitaji mita yao pekee. Kwa mita ya nyumbani, pasi ya saa saba usiku na ya saa moja jioni hulipiwa sawa.