Wakuu, nataka kuanzisha bustani ya mitishamba shuleni, nianze na mimea gani?

mwl_wa_zamu: Habari zenu wakuu. Nafundisha sayansi shule ya msingi huku Dodoma vijijini na klabu ya mazingira nimetupiwa mimi. Nimepewa kipande nyuma ya madarasa, nataka watoto waijue miti dawa maana sahivi mwarobaini wengi wanaujua kwa kivuli tu. Shida maji ni ya kubeba na vidumu, mbuzi wa majirani hawana adabu, halafu mzazi mmoja kashaniuliza eti nataka kumfundisha mwanae uganga 😂

kasuku_mweusi: Mwl anza na mlonge, unavumilia ukame na mbegu unachomeka moja kwa moja ardhini, ila zungushia miba kwanza maana mbuzi wanaupenda balaa. Alovera nayo haidai maji mengi. Okoteni chupa za plastiki, toboa kifuniko kitundu kidogo, kata kitako, ichomeke kichwa chini karibu na shina, maji yanadondoka taratibu na uwanja unakuwa msafi. Na mapema kabisa panga nani atamwagilia likizo ya mwezi wa 6, bustani nyingi za shule zinafia hapo.

binti_wa_milimani: Mi naona kupanda ni rahisi, wafundishe KUCHUMA. Huku kwetu Usambara unakuta mti mkubwa umechubuliwa gome mzunguko mzima umekauka umesimama. Chakula kinatengenezwa kwenye majani kinashuka kwenye mizizi kwa kupitia gome, ukilitoa kuzunguka shina mizizi inakufa njaa, si ni sayansi yako hiyo hiyo mwl? Mzizi ndo usiseme. Mnakumbuka kikombe cha dawa cha yule babu wa Loliondo 2011, watu walivyofurika kunywa, ile ilikuwa mizizi ya mti wa mugariga. Waulize watoto kila aliyepanga foleni angechimba wa kwake ingekuwaje. Jani ukichuma kwa kiasi mti unabaki.

mfamasia_mbishi: Sawa ila sheria ya kwanza mtoto ASIONJE kitu. Mnyonyo upo kila jalala na mbegu zake ni sumu kali, huo waonyeshe waujue kabisa. Mafuta ya mwarobaini yameshadhuru watoto wadogo walionyweshwa. Pia waambie habari ya mmea wa atemisia: dawa mseto ya malaria inatokana nayo, Tu Youyou wa China akapata Nobel 2015 kwa kazi hiyo, lakini WHO (Shirika la Afya Duniani) haikubali watu wajitibu malaria kwa chai ya majani yake, dozi huwezi kuijua kwenye kikombe. Mwenye homa aende zahanati akapimwe, basi.

mwl_wa_zamu: Mmenisaidia sana, hiyo ya gome naipeleka darasani wiki ijayo. Mbegu za mwarobaini ninazo stoo tangu mwaka jana, zinafaa?

kasuku_mweusi: Tupa hizo, zinakufa ndani ya wiki chache tu. Okota mpya chini ya mti, menya nyama, anika kivulini, panda.