Mdogo wangu katolewa uvimbe pajani, majibu yanasema liposakoma miksoidi. Atakatwa mguu?

Mama Neema
Habari zenu ndugu zangu. Mdogo wangu ana miaka 38, ni fundi seremala hapa Kilosa. Mwaka jana aliota uvimbe nyuma ya paja la kulia, hauumi, tukasema ni mafuta tu. Februari akachomwa ganzi hospitali moja ya huku, wakautoa bila picha yoyote. Niliuona kwenye beseni: kama embe dodo, unateleza kama ute wa yai. Bahati daktari alipeleka maabara. Karatasi inasema liposakoma miksoidi, kingo si safi, yaani saratani imefika hadi ukingo wa nyama waliyoitoa. Sasa aende Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, apigwe mionzi, kisha apasuliwe upya. Mbona jirani yetu naye alikuwa na liposakoma ya paja, akakatwa mara moja akarudi shambani? Na mama anasema saratani ikiguswa kisu inasambaa, anataka twende kwa mganga. Silali.

Nesi wa Thieta
Pole sana dada. Nina miaka kumi na nne chumba cha upasuaji, nikueleze ninavyoelewa.

Liposakoma, yaani saratani inayofanana na mafuta ya mwili, ni jina la ukoo, watoto wake wana tabia tofauti. Wa jirani huenda ni ule unaofanana sana na mafuta ya kawaida. Huo ukiwa pajani na usipobadilika hausambai. Ukitolewa mzima mara nyingi inatosha. Ila unaweza kurudi hata baada ya miaka kumi, kwa hiyo aendelee kupimwa. Mwingine ni pleomofiki, mkali sana, huo hukimbilia mapafu.

Miksoidi hupenda paja, hasa kwa watu wa umri wa mdogo wako. Ukisambaa hauendi mapafuni tu, unaweza kwenda kwenye uti wa mgongo na nyuma ya tumbo. Ulizeni MRI (picha ya mashine ya sumaku) ya mgongo mzima, pamoja na siti-skani ya kifua na tumbo, kabla ya kukatwa. Lakini huo huo unasikia mionzi kuliko ndugu zake, unanywea. Kawaida ni grei 50 (grei ni kipimo cha mionzi) kwa siku 25. Utafiti wa DOREMY, uliotoka 2021, ulitumia grei 36 kwa siku 18 kwa miksoidi, na matokeo yalikuwa mazuri.

Mwambie mama kwa upole kuwa tatizo si kisu. Tatizo ni kukata bila picha wala kuchukua kwanza kipande kidogo cha nyama kwa sindano kikapimwe, ndiyo maana mabaki yamebaki. Safari hii watatoa kovu lote la zamani na nyama inayolizunguka. Mguu, wengi wanabaki nao. Hofu inakuwa pale uvimbe ukizingira mshipa mkubwa wa damu na ule wa fahamu unaopita nyuma ya paja. MRI ya paja itaonyesha.

Baba Salma, Tanga
Dada, mke wangu naye alikuwa na liposakoma, wake ulikuwa nyuma ya tumbo. 2019 watu walikuwa wanampongeza kwa mimba. Walitoa uvimbe pamoja na figo ya kushoto na kipande cha utumbo mpana, vyote kwa mkupuo mmoja, kwa sababu kule ndani hakuna nafasi ya kuacha ukingo. 2022 ukarudi, akakatwa tena. Leo asubuhi amekaanga maandazi. Wa pajani daktari anaufikia vizuri zaidi, msichelewe.

Mama Neema
Mungu awabariki. Mama nimemsomea yote, amenyamaza, kisha akauliza nauli ya Dar ni shilingi ngapi. Tubebe nini?

Nesi wa Thieta
Karatasi ya majibu haitoshi. Nendeni maabara mkaombe vioo vya hadubini vyenye sampuli yake na vile vipande vya nyama vilivyogandishwa kwenye nta, maana Dar watataka kuvisoma upya wenyewe. Msiviache juani kwenye basi, nta inayeyuka. Na muombeni daktari wa kwanza aandike alikata wapi na kama aliweka mpira wa kutoa damu, kwa sababu njia ya mpira nayo hukatwa.

Mama Neema
Mpira uliwekwa, kovu lake liko pembeni karibu na goti. Jumatatu saa mbili nipo mlangoni maabara.