Naomba ushauri: jirani anajibu simu zangu kupitia ukutani

Habarini ndugu zangu. Naishi ghorofani, na ukuta unaonitenganisha na jirani ni mwembamba mno. Nikipiga chafya usiku, hunitakia afya kutoka upande wa pili. Hilo halinisumbui, tena linamfariji mtu anayeishi peke yake mjini.

Shida ni simu. Juzi rafiki yangu alikuwa ananieleza ugomvi wake na mchumba, nami nimeweka spika. Kabla sijafungua mdomo, ukuta ukanguruma: "Mwambie aombe radhi kwanza!" Nilicheka hadi machozi, lakini rafiki alikasirika na sasa hanipigii kabisa, ananiandikia tu. (Radhi aliomba, na wamepatana.)

Nimeshatundika mapazia mazito, ila hayo hupunguza mwangwi wa chumbani tu, sauti bado inapenya. Kabati zito lililojaa vitabu lingesaidia zaidi, lakini nafasi sina.

Jirani mwenyewe ni mzee mwema, namwamkia kila asubuhi na nampenda kwa dhati. Nimwambieje aache kuchangia maongezi ya watu bila kumvunjia heshima? Mliowahi kukutana na hali hii, mlianzia wapi?